Mashini Nyuma ya Kioo

Kama kitu ni cha nyanya yako, na mtu mwingine amekiweka katika dirisha la duka lake, nyuma ya kioo kipya, je, kukitoa humo ni wizi? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kama ni wizi, basi yule aliyekichukua kwanza tumwite nani? Kama si wizi, mbona moyo unanienda mbio hivi? Na nikiomba kwa upole, naye akakataa? Na nikiomba, akakubali, halafu akataka nimshukuru mbele ya watu? Hili la mwisho liliniogopesha kuliko yote. Wewe unanijua, rafiki yangu. Mimi ni mtu wa kusimama mbele ya mlango nikiwaza kama nipige hodi kwa sauti au kwa kidole, mpaka mwenye nyumba atoke aende zake.

Mambo yalianza kwa ajili ya kazi. Nina licence yangu ya historia, shahada ya chuo, na tangu nilipoipata ninakaa kwa tonton, mdogo wake baba, pale Muhumba, Bukavu, nikingoja kazi. Nyanya pia yuko hapo, tangu miguu yake ilipokataa milima ya Kadutu. Tonton anafanya kazi ofisini, anajua watu. Akaja na habari kwamba wafanyabiashara wa avenue kubwa wameamua kuifufua. Watapaka rangi, watarudisha vioo, watawasha tena taa juu ya milango, wataziba hata matundu ya risasi yaliyobaki ukutani tangu vita vya mamluki. Siku ya kufungua watakuja wakubwa kutoka Kinshasa. Wanatafuta mtu wa kuandika Kifaransa kizuri, aeleze kwa ufupi historia ya maduka yale. Anayeongoza kamati yao ni mzee mmoja ambaye wote humwita Papa Président.

"Akipenda maandiko yako, atakupa nafasi kwa bureau yake," tonton aliniambia. "Lakini usiende kule kuwaza-waza. Andika tu."

Nikaenda. Unaikumbuka ile nyumba ya pembeni, yenye ukuta wa mviringo na baraza ndefu inayozunguka pande zote mbili? Nilikuwa sijaikaribia kwa miaka mingi. Nikipita avenue nilivuka upande wa pili kabla ya kuifikia. Sasa ilikuwa nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho. Fundi mmoja alikuwa juu ya ngazi, akilainisha chokaa mahali palipokuwa na tundu la risasi. Na chini yake, nyuma ya kioo kilichokuwa bado na karatasi ya kiwandani kwenye kona, juu ya kitambaa chekundu, ilikaa mashini ya kushonea.

Nilifahamu kabla sijajua ninafahamu. Mkono wangu wa kulia ulijikunja wenyewe, kama unaoshika kitu. Mashini zile nyeusi zenye maua ya dhahabu zilikuwa nyingi Bukavu. Lakini hii mpini wake wa kuzungushia haukuwa wa chuma. Ulikuwa wa mti wa pera, mnene kupita kiasi, uliochongwa na babu siku ule wa kiwandani ulipovunjika. Na kwenye ubao wa chini palikuwa na alama nyeusi, umbo la pembetatu, ambapo pasi ya makaa iliwahi kusahauliwa.

Nilisimama pale kama mti. Fundi alinitazama akasema, "Maman, rangi ingali mubichi, usiegemee."

Acha nikupeleke nyuma kidogo, maana bila kujua baraza ile ilikuwaje huwezi kuelewa kilichonikera.

Nilipokuwa mtoto niliishi kwa nyanya, Koko tulivyomwita, Kadutu. Asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya milima ya upande wa Rwanda, tulikuwa tayari njiani tukishuka, yeye mbele na furushi la nguo zilizokatwa jana, mimi nyuma na kiti chake kidogo kichwani. Ukungu wa ziwa ulikuwa bado umelala katikati ya mji. Tulijua tumefika avenue kwa pua: kwanza kahawa iliyokuwa ikikaangwa katika nyumba moja ya chini, halafu mkate wa Wabelgiji, halafu, tukishapanda ngazi za baraza, harufu ya nguo mpya. Hiyo ndiyo ninayoitafuta mpaka leo kila ninapopita mbele ya duka la vikwembe, vitenge vyetu, na siipati. Ilikuwa harufu kali ya dawa wanayotia kiwandani ili kitambaa kisimame, na karatasi, na mbao zilizopigwa nta. Nilikuwa nikivuta pumzi mpaka nyanya ananipiga mgongoni. "Utaimaliza! Wachia na bateja kidogo."

Kazi ya baraza ilikuwa na utaratibu wake. Ndani, Mgiriki mwenye duka aliuza kitambaa. Nje, wamama walishona. Mtu aliingia akachagua kikwembe chake, akatoka nacho mkononi, na kabla mguu wake haujagusa ngazi ya pili alikuwa tayari anavutwa kutoka kila upande.

"Maman, kuya kwangu! Kwangu hakuna foleni!"

"Usiende kule, ule anashonaka mikono mbili ya kushoto!"

"Mbili ya kushoto ni afazali, weye ulishoneaka bibi-arusi gunia, akaingia kanisa kama muhogo!"

Na wote wanacheka, hata yule wa gunia, na mteja naye anacheka, na mwishowe anaketi kwa yule aliyemchekesha zaidi. Nyanya hakuwa na mdomo mkubwa kama wengine. Yeye alikuwa na mimi. Mashini yake ilikuwa ya mkono, na mshonaji wa mashini ya mkono ana shida moja: mkono mmoja unazungusha, mmoja tu unabaki wa kuongoza kitambaa. Lakini nyanya alikuwa na mjukuu wa kuzungusha, kwa hiyo kola zake zilikuwa nyoofu kuliko zote za baraza. Aliweka mikono miwili juu ya nguo, akainamisha kichwa, akasema neno lake lile lile: "Zungusha. Polepole." Nami nilizungusha ule mpini wa mti wa pera, ambao kiganja changu kidogo hakikuweza kuuzunguka wote, na sindano ilianza kutembea. Mashini zote zikiwa kazini pamoja zilitoa mlio kama wa mbuzi wengi wanaopita juu ya daraja la mbao. Mchana kengele ya kanisa kuu ilipolia, mlio ule ulikatika mara moja, na wamama walifunua chakula: maharagi, ndizi, muhogo wa kuchoma. Nyanya alinipasulia avoka na kuijaza chumvi, nikaila kwa mkate.

Jioni mashini hazikupanda nasi Kadutu. Nani atabeba chuma kile kichwani kila siku, mlima wote ule? Zililala ndani ya duka, nyuma ya meza ya Mgiriki, zimepangwa mstari mmoja na kufunikwa magunia. Kwa ajili hiyo wamama walifagia baraza na kuosha vioo kila asubuhi. Hapakuwa na maandishi. Ilikuwa hivyo tangu zamani, na kila mtu alijua mashini ipi ni ya nani kama unavyojua watoto wa jirani.

Usidhani ninamlilia Mgiriki. Ubavuni mwa ile nyumba palikuwa na mahali ambapo matofali hayakulingana na mengine. Nyanya aliniwekea kidole hapo siku moja. Lilikuwa dirisha dogo, akaniambia, wakati wa Wabelgiji, na mtu mweusi aliuziwa kupitia hapo, hakuingia kwa mlango wa mbele. Nguo yake ya ndoa aliinunua kwa dirisha lile. Karani alichagua rangi kwa niaba yake. Hakuruhusiwa kuigusa kabla ya kulipa. "Nilitaka ya bluu," alisema. Hicho tu. Miaka mingi ya ndoa, watoto, wajukuu, na bado alikuwa anaitaka ya bluu.

Kwa hiyo utaelewa furaha ya siku ile redio iliposema maduka ya wageni yamekuwa ya Wazaire. Utaelewa kwa nini wamama walipiga vigelegele juu ya baraza, na kwa nini nyanya alikaa chini ghafla akajifunika uso kwa pembe ya kikwembe. Duka letu lilipewa mtu wa hapa hapa. Waliopewa maduka tuliwaita akereri, neno la Kifaransa tulilolimega, na yule wetu alikuwa bado kijana, mrefu, mwenye sauti nzuri, ndugu wa mtu fulani katika Chama. Hakuwahi kuuza hata kiberiti.

Nyanya akatoa wazo. "Bwana wetu wa kwanza mweusi hawezi kuingia humu na nguo yoyote tu. Tutamushonea abakosti." Ndilo koti la wakubwa wa siku zile, lisilovaliwa na tai. Na kitambaa alitoa yeye. Kilikuwa cha kijivu, kizito, alichokinunua kwa ajili ya babu, na babu alikufa kabla hakijakatwa. Alikuwa amekitunza ndani ya sanduku pamoja na majani ya kufukuza wadudu. Wamama wengine walileta uzi, vifungo, kitambaa cha ndani. Walishona bure, kwa zamu, wakiimba, na kola aliishona nyanya. Mimi ndiye niliyezungusha.

Jioni ya mwisho, Mgiriki alitoka na sanduku moja. Alikuwa amevaa kofia yake ya kila siku, na midomo yake ilikuwa mikavu. Alipita kati ya wamama, kisha akarudi hatua mbili tatu akasimama mbele ya nyanya.

"Mama," alisema kwa Kiswahili chake kilichovunjika, "leo beba mashini. Leo hapana lala hapa."

Nyanya alimwangalia, akasubiri afike mbali kidogo, kisha akawageukia wenzake. "Munasikia? Wivu hiyo! Anataka tuchukie ndugu yetu." Wamama wakacheka sana. Wakapanga mashini zao ndani kama kila siku, wakazifunika magunia, wakafagia mara mbili ili mwenyeji mpya akute pasafi. Tukapanda Kadutu mikono mitupu, tukiimba.

Kesho yake kulikuwa na ngoma, na vijana wa Chama walicheza mbele ya baraza. Akereri alifika amevaa abakosti ya kijivu. Ilimkaa vizuri, lazima niseme hivyo. Kola ilisimama kama ya rais. Alitoa hotuba kuhusu jasho la mababu. Halafu akafungua mlango kwa ufunguo, akaingia na watu wake, akafunga kwa ndani. Wamama walingoja. Walingoja mpaka wateja wakachoka wakaondoka. Alipotoka, walimwendea kwa heshima, wakimwambia, Papa, tunaomba mashini zetu, tuanze kazi.

"Mashini gani?" alisema. "Kila kitu iko ndani ya hizi kuta, ni ya magazini, ya duka. Ndio sheria."

Walidhani anafanya mzaha. Mmoja alicheka kweli. Walimweleza, wote kwa pamoja, juu ya kufagia, juu ya magunia, juu ya nani ni nani. Yeye alitazama saa yake. Nyanya akasogea mbele.

"Papa, kama mujukuu wangu huyu angelala mule ndani jana, naye angekuwa ya magazini?"

"Mama, usiniharibie siku."

Sasa hapa, rafiki yangu, nisikilize vizuri. Kwenye mkono wa abakosti, karibu na kifungo, palikuwa pamebaki uzi mweupe wa kushikizia, ule wa muda, ambao mshonaji huuondoa mwisho. Kwa haraka ya jana waliusahau. Nyanya aliuona. Mtu yule alikuwa bado anazungumza, anamwambia aende nyumbani, asilete fujo; naye nyanya aliinama, akaushika uzi kwa kucha mbili, akauvuta taratibu mpaka ukatoka wote, akausugua kati ya vidole ukawa kipande kidogo cha kutupa. Kisha akanishika mkono tukaondoka.

Kwa miaka niliwaka kwa uzi ule kuliko kwa mashini. Kwa nini aliuvuta? Kwa nini hakumwacha atembee nao mji mzima, watu wamcheke? Nililala na swali hilo kwenye dortoir ya lycée, bweni letu la sekondari, nikakaa nalo kwenye auditoire ya institut, ukumbi wa masomo wa chuo, huku profesa akieleza historia ya Roma.

Kilichofuata unakijua, maana ulikiona pia. Akereri aliuza vikwembe vyote kwa bei ya kutupa, ndugu zake wakabeba kwa malori, na rafu zilipobaki tupu hakujua rafu hujazwaje tena, au hakujali. Mashini za wamama nazo ziliondoka moja moja. Ya nyanya ilibaki, nadhani kwa sababu ya ule mpini; nani atanunua mashini yenye mkono wa mti? Halafu duka lilifungwa. Likafunguliwa likiwa depo ya simenti. Likawa la bia. Vioo vilipovunjika waliziba kwa mbao, na herufi za juu ya mlango zilianguka moja baada ya nyingine. Na haikuwa nyumba ile tu. Kahawa iliacha kunukia. Mkate ukaisha. Nyanya alishona kwa sindano ya mkono, ameketi mlangoni Kadutu, mpaka jioni ikawa inamfikia mapema kuliko watu wengine, na alipokwenda kwa daktari macho yalikuwa tayari yameharibika.

Watu wenye suti husema avenue yetu ilichoka. Nimesikia hayo mara nyingi, hata kutoka kwa walimu wangu. Maduka yalidhoofika, wanasema, nyakati zilikuwa ngumu, hali ikabadilika. Upuuzi! Avenue haichoki. Avenue haiugui. Kuna mtu mwenye jina, mwenye miguu, aliyefungua mlango kwa ufunguo na kubeba vilivyomo. Ananikera aliyebeba, ananikera zaidi anayesimulia kana kwamba ilikuwa mvua.

Na mtu yule, umeshaelewa, ndiye Papa Président.

Alinipokea vizuri. Amenenepa, sauti bado nzuri, ana kitambaa cha kufutia paji la uso. Hakunitambua, angenitambuaje? Nilikuwa kitoto cha kuzungusha mpini. Alinionyesha rangi, taa, mahali pa wageni. Alisema wamama wanaoketi barazani siku hizi na karanga zao wataondolewa kabla ya sherehe, kwa usafi. Kisha akasimama mbele ya dirisha, akapiga kioo kwa pete yake.

"Hii tuliikuta nyuma ya depo, chini ya mifuko ya simenti. Nzuri, eh? Bazungu banapendaka vitu ya zamani. Utaniandikia maneno kidogo ya kuweka chini yake. Andika: zawadi ya bamama bashonaji ba hapa baraza, kwa mapendo, siku magazini ilipopata mwenyewe."

"Zawadi, Papa?"

"Zawadi. Balitupenda sana, bale bamama. Hata nguo balinishoneaka."

Nilisema ndiyo, Papa. Ndiyo nilisema. Miguu yangu ilinitoa nje, na mdomo wangu ulikuwa bado unasema ndiyo njiani.

Nilimweleza tonton wakati wa chakula. Aliweka kijiko chini. "Sikiliza. Ile mambo ilishapita. Ukigusa kitu mule, ni wizi, utafungwa buloko, na mimi kwa bureau batanitazama namna gani? Andika neno moja, zawadi, chukua kazi. Na kazi yako utanunulia koko mashini mupya, ya umeme."

Kila alichosema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe, kwa mpangilio mzuri zaidi. Nyanya alikuwa ameketi pembeni na sahani yake ya sombe, majani ya muhogo, juu ya magoti. Nilidhani hasikii.

"Inashona?" aliuliza.

"Koko?"

"Ile mashini. Inashona, ao iko ya kuangalia tu?"

"Iko ya kuangalia, Koko. Iko nyuma ya kioo."

Akachota sombe nyingine. "Na yeye, alinenepa?"

"Sana."

"Ningejua, kola ningeikata ndogo, imukabe." Akacheka mpaka akakohoa, na tonton pia akacheka kwa kutopenda. Nikaona ndiyo nafasi yangu. Nikamuuliza lile ambalo sikuwahi kuthubutu: kwa nini alivuta ule uzi?

Alinigeuzia yale macho yake yenye ukungu, akashangaa kweli. "Sababu ilikuwa kazi yangu. Nguo ilitoka kwa mukono yangu, itembee na uzi inje? Yeye ni mwizi. Mimi niko mushonaji." Kisha akarudi kwenye sahani yake. "Mimi sitaenda kuomba mara ya pili. Nilishaomba. Na weye, wacha kuwaza, kichwa itakupasuka, na daktari ya vichwa hakuna hapa Bukavu."

Hakuniambia nifanye nini. Nilitaka aniambie. Niligeuza mambo yote tena, kazi, buloko, tonton, shukrani mbele ya watu, na safari hii kila njia ilinirudisha mahali pamoja: neno zawadi, kwa mwandiko wangu, chini ya mpini aliouchonga babu. Wizi wa kwanza ulifanywa kwa ufunguo. Wa pili walitaka niufanye mimi, kwa Kifaransa kizuri.

Nilikwenda saa ya mchana, kengele ya kanisa ikiwa imekwisha kulia, watu wamejaa avenue. Niliwaza hivi: kama ni wizi, usiwe wa kujificha. Wamama wa karanga walikuwa bado barazani. Fundi alikuwa akipaka ukuta wa ubavu, ule wa matofali yasiyolingana. Papa Président alikuwa mlangoni na watu wawili wa kamati.

"Ah, licenciée wetu! Umeleta maneno?"

"Nimeleta, Papa."

"Soma basi, basikie."

Karatasi sikuwa nayo. Nilisema tu: "Mashini hii ni ya mama mmoja wa Kadutu. Alishona nayo hapa barazani. Alimshonea mwenye duka abakosti ya kijivu, na mwenye duka akachukua mashini."

Wale wawili walitazamana. Yeye alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha wa shule. "Weye ni mutoto ya nani?"

"Niko mujukuu ya ule alikutoa uzi kwa mukono."

Na unajua alichofanya? Mkono wake wa kushoto ulikwenda wenyewe kwenye pindo la mkono wa kulia, ukapapasa pale, karibu na kifungo. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, jipya, lisilo na uzi wowote. Alipapasa hata hivyo. Wamama wa karanga waliona. Mmoja wao aliguna, "Mm-mm," kwa ile sauti ya wamama wa Bukavu ambayo haina haja ya maneno.

Nikapita ubavuni kwake, nikaingia. Ndani hapakunuka chochote ila rangi. Nilivuta pazia la dirisha, nikaiinua mashini nikaiweka sakafuni, nikavuta kitambaa chekundu nikakikunja kuwa kata, nikakiweka kichwani. Halafu nikafikiri: hiki kitambaa ni chake kweli. Nikakitoa, nikakikunja vizuri, nikakirudisha. Nilifungua kilemba changu nikafanya kata. Nilisikia nyuma yangu, "Nitaita bagendarme! Nitamupigia tonton yako!" Mama mmoja wa karanga alikwisha kuingia. Alinisaidia kuipandisha kichwani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Shuka polepole, maman, ngazi iko na rangi."

Sijui kama aliwaita. Mpaka ninapoandika haya hakuna aliyekuja. Kesho yake tonton aliniambia tu kwamba nafasi kwa bureau imepewa mtu mwingine. Sherehe ilifanyika. Nimepita, siku hizi sivuki tena upande wa pili. Avenue imependeza, siwezi kudanganya. Taa zinawaka. Matundu ya risasi hayaonekani, na lile dirisha dogo la ubavuni halionekani tena hata ukijua pa kulitafuta. Baraza ni safi na tupu. Hakuna anayemwita mteja, hakuna anayemcheka mwenzake kwa mikono miwili ya kushoto, na chokaa yote ya dunia haiwezi kurudisha mlio ule. Wamefufua kuta. Wale waliozipa uhai wamewafagia pamoja na maganda ya karanga.

Siku ile nilipofika Muhumba shingo yangu ilikuwa imekufa ganzi. Niliiweka mashini juu ya meza ya tonton, mbele ya nyanya. Alipitisha vidole juu yake kama mtu anayemkagua mtoto aliyetoka kuanguka: gurudumu, ubao, alama ya pasi. Akafika kwenye mpini, akaufunga mkono wake wote, akakaa hivyo. Simenti ilikuwa imeganda kila mahali. Aliomba mafuta, ya taa na ya kupikia, na kisu, na kitambaa kibovu, na tukafanya kazi mpaka vidole vikawa vyeusi. Alinielekeza kupachika sindano, maana mwenyewe haioni. Halafu akachukua pembe ya kikwembe chake cha zamani, akaiweka chini ya sindano, akaitandaza kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Zungusha," aliniambia. "Polepole. Hauna kazi ya kukimbilia."